Injini Iliyokaa Upande

Mwashi hakuwahi kujenga ukuta uliopinda, na hakuwahi kumsamehe aliyeujenga. Akipita mitaani alizitazama nyumba za watu kama daktari anavyotazama ulimi wa mgonjwa. Hii imetoa tumbo. Hii imesinzia. Hii, aliyeijenga alikuwa na haraka ya kwenda kula. Shule hakuiona. Jina lake aliliandika kwa shida, kama mtu anayepanda ngazi na ndoo ya zege begani. Lakini alikuwa na pimamaji, ule ubao wa chuma wenye kichupa cha maji, na kiputo cha hewa kikisimama katikati ya kichupa, hakuna maneno ya mtu yatakayokisogeza.

Aliyemdharau kuliko watu wote alikuwa akiishi uani kwake. Ni mume wa binti yake, fundi wa magari. Mtaa mzima ulimwita Badilisha, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake la kila ugonjwa. Gari likikohoa, badilisha plagi. Likikataa kuwaka, badilisha betri. Likiwaka, badilisha vilevile, huwezi kujua kesho.

"Huyu," Mwashi alikuwa akisema, "mpelekee mtoto anayelia. Atakwambia ubadilishe mtoto."

Aliyempa uwanja wa kufanyia kazi hakuwa Mwashi. Alirudi kutoka kazini siku moja akakuta jeki, mapipa na injini iliyofumuliwa juu ya sakafu ya saruji aliyoimwaga kwa mikono yake, sakafu ambayo ukiweka gololi inabaki palepale inakutazama. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nimemwambia afanyie kazi hapa," alisema. "Nataka mwanangu awe karibu."

Mwashi alitazama doa la oili. Akatazama mikono ile kiunoni. Akaenda kuoga.

Sasa mke hayupo. Walimzika mvua zilipokuwa zinaanza, na mvua zimekwisha. Nyumba imebaki na vyumba vingi visivyo na kazi. Kando ya mlango wa jiko ilibaki kandambili yake moja, ya bluu, ya mguu wa kulia. Ya kushoto ilipotea yeye angali hai, siku zile za kwenda na kurudi hospitali. Mwashi alimshuku mbwa wa jirani, akasimama ukutani akamwita jirani mwenyewe.

"Mbwa wako amekula kandambili ya mke wangu."

"Mzee, mbwa wangu hana meno."

"Basi ameimung'unya."

Tangu hapo hawakusalimiana, na kandambili ile moja ikakaa pale mlangoni. Binti aliisogeza wakati wa kufagia, Mwashi akairudisha.

Gari nalo likaanza wazimu. Lilikuwa gari kuukuu, la mkewe kwa maneno na la Mwashi kwa usukani. Likiwa mwendoni lilikwenda. Lakini lisimame kwenye taa, mguu kwenye breki, gia imeingia, basi kiti kinatetemeka, usukani unatetemeka, na kwenye kioo cha nyuma kila dereva ana nyuso mbili. Meno ya bandia ya Mwashi yaligongana kama vikombe kwenye sinia.

"Mpe mume wangu alitazame, baba," binti alisema.

"Kutazama anaweza. Macho anayo."

Badilisha alibadilisha plagi. Akabadilisha koili. Akabadilisha filta ya mafuta, akasafisha njia ya hewa kwa mswaki, akabadilisha mipira iliyopasuka na mingine ambayo haikuwa na kosa lolote. Kila alipomaliza alipangusa mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Sasa limepona, baba."

Mwashi aliingia, akawasha, akakanyaga breki, akatia gia. Gari likampepeta kama mchele kwenye ungo.

"Limepona kabisa," alisema. "Linacheza."

"Pengine ni pampu, baba. Tukibadilisha pampu..."

"Badilisha na barabara. Huenda kosa ni lake."

Badilisha alifunga boneti. Hakuwa mtu wa kujibu. Mwashi alimhesabia na hilo kuwa upungufu.

Siku iliyofuata, taa ilipokuwa nyekundu, watoto waliokuwa wakivuka na mabegi ya shule walisimama wakamtazama mzee anavyotikisika ndani ya gari lililosimama. Wakacheka. Alirudi nyumbani akiwa ameiva kwa hasira, akamkuta Badilisha amelala chini ya gari la mtu mwingine, miguu tu nje. Akazungumza na ile miguu.

"Ijumaa. Ijumaa ikifika na gari hili bado linanitikisa, kusanya vyuma vyako utafute uwanja mwingine."

Miguu ilitulia.

Binti alikuwa anaanika nguo. Aliacha shati likining'inia kwa mkono mmoja. "Na mimi, baba?"

"Wewe una mume."

"Basi tunakwenda wote."

"Nendeni. Nyumba hii niliijenga kwa mikono yangu, naweza kuikalia kwa makalio yangu."

Jioni hiyo binti hakumletea chakula. Mwashi aliingia jikoni mwenyewe, akachemsha mayai. Alitafuta chumvi. Alifungua kopo hili, akafungua lile, akakuta majani ya chai, vifungo, mishumaa. Katika nyumba aliyoweka kila tofali mwenyewe hakujua chumvi inakaa wapi. Alikula mayai hivyohivyo, akiyalaumu.

Alhamisi asubuhi alitoka uani, akamkuta Badilisha amechuchumaa mbele ya boneti iliyo wazi, binti kando yake na kikombe cha chai. Mwashi hakuwa na la kufanya, akaona aseme.

"Nilipokuwa nikimpeleka mama yako hospitali, gari hili lilikuwa kama kitanda. Mgongo ule ulivyokuwa unamuuma, na bado alilala njia nzima. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini, baba?"

"Dereva. Nilishika usukani kama nimebeba yai. Mnadhani gari ni vyuma. Gari ni mtu anayelishika."

Badilisha aliinamisha kichwa, akawa anaikwaruza saruji kwa ukucha, pale kwenye doa la oili. Mwashi alimtazama akaona ni mtu asiyejua hata aibu aiweke wapi.

Lakini maneno yake mwenyewe yalimrudia. Kama ni dereva, dereva ni yuleyule. Mikono ni ileile. Usiku hakulala vizuri, na Ijumaa asubuhi alikwenda stoo akatoa pimamaji, akaifuta vumbi kwa kiganja.

Badilisha alikuwa ameshaanza kutia spana kwenye boksi. Hakungoja kuambiwa tena.

"Acha hizo," Mwashi alisema. "Washa gari."

Gari liliwaka. Mwashi alisimama mbele ya boneti iliyo wazi, akainamisha sikio kama anavyosikiliza zege likichanganywa.

"Sauti imenyooka," alisema. "Haikatiki, haikohoi. Injini inanguruma sawasawa. Sasa kanyaga breki, tia gia."

Badilisha akatia gia. Injini ikajiinua upande mmoja, ikakaa chini kwa kishindo, na mwili mzima wa gari ukaanza kutetemeka.

"Toa gia."

Mtetemo ukapungua.

"Zima."

Mwashi aliweka pimamaji juu ya ukingo wa bodi, mbele kabisa, kutoka taa hadi taa. Kiputo kikasimama katikati. Sakafu yake haikuwa imemwaibisha. Akaihamishia juu ya kifuniko cha injini. Kiputo kikakimbilia upande mmoja, kikagota.

"Binti yangu, njoo uone. Nyumba imetitia msingi, mumeo anabadilisha mapazia." Akamgeukia mkwewe. "Injini inakalia nini?"

"Mauntini, baba. Raba nene zilizofungwa kwenye bodi. Ndizo zinazoibeba, mtetemo usije kwa watu."

"Ya upande huu umeitazama?"

Badilisha alipangusa mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu.

"Nakuuliza, umeitazama?"

"Nimeitazama."

"Lini?"

"Zamani, baba."

"Zamani. Na ukabadilisha plagi." Mwashi aliisema taratibu, kama anayeonja kitu kilichochacha. "Fungua."

"Baba, tungeacha nikafungua mwenyewe baadaye..."

"Fungua, nione."

Badilisha aliweka kipande cha ubao juu ya jeki, akaipandisha mpaka ikaishika injini kwa chini. Akafungua boliti. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, uso ameugeuzia upande wa ukuta, akatoa kwanza raba iliyokatika vipande viwili. Kisha akatoa kitu kingine, chembamba, cheusi kwa oili, kilichobanwa hadi kikawa kama ngozi. Hakukitupa. Alikishika kwa vidole viwili.

Mwashi alikichukua. Akakisugua ukingoni kwa kidole gumba. Chini ya weusi kulikuwa na bluu. Pembeni, tundu la mkanda.

Binti alijifunika mdomo.

"Aliivua mwenyewe," Badilisha alisema. Alikuwa anaongea na jeki. "Safari ya kwanza ya hospitali, baba, wewe uko ndani unatafuta funguo. Raba ilikuwa imekatika, na dukani hakuna, gari la zamani hivi. Nikawasha, mama akasema mtetemo unampiga mgongoni. Akavua kandambili. Akasema, weka hii, ni laini. Nikaikata, nikaikunja mara mbili, nikaiweka. Gari likatulia."

"Mimi hakuniambia."

"Alisema, usimwambie mzee, atakucheka mpaka uzeeke."

Mwashi alikigeuza kile kipande. Upande wa pili ulikuwa mweusi vilevile.

"Ilipokwisha nilijua," Badilisha alisema. "Tulipotoka tu kuzika. Ila kila nikiinama niitoe, nashindwa. Nikawa nabadilisha vingine."

"Umebadilisha gari zima ili usibadilishe kandambili."

"Ndiyo, baba."

"Kwa hiyo njiani alilala kwa sababu ya hii."

"Na dereva alikuwa mzuri, baba."

"Usinipake mafuta. Mikono yako ina oili ya kutosha." Mwashi alikohoa, akatema mate pembeni. "Raba mpya umeiagiza?"

"Nimeiagiza. Bado haijafika."

"Na injini leo itakaa wapi? Hewani?"

Hakungoja jibu. Aliingia ndani, wakamsikia anatembea hadi jikoni. Alipotoka alikuwa ameshika ile ya kulia.

"Kata hii."

"Baba," binti alisema, "hiyo ndiyo iliyobaki."

"Iliyobaki kwa nani? Mguu wangu hauingii." Akampa Badilisha, lakini vidole vyake vilichelewa kidogo kuiachia. "Tafuta kisu kikali. Ile ya kwanza uliikata kama mtu anayegawana mkate na adui yake."

Badilisha aliikata. Aliikata polepole, kwa kupima, na Mwashi akamsimamia kichwani, akimwambia hapa umezidisha, hapa umepinda, hapa Mungu akuone. Ikakunjwa, ikawekwa, boliti zikakazwa, jeki ikashushwa. Mwashi aliweka pimamaji juu ya injini. Kiputo kilikwenda, kikarudi, kikasimama katikati.

Aliingia mwenyewe kwenye usukani. Akawasha, akakanyaga breki, akatia gia. Kiti kilitulia. Kwenye kioo cha nyuma ukuta wa jirani ulikuwa ukuta mmoja. Alikaa pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kujaribu gari, mkono wake wa kushoto juu ya kiti cha abiria.

Badilisha alisogea dirishani. Boksi la spana lilikuwa bado wazi nyuma yake.

"Baba, leo ni Ijumaa. Vyuma nivitoe?"

"Gari linatetemeka?"

"Halitetemeki."

"Sasa unauliza nini?" Mwashi alizima injini. "Nenda kwa jirani. Mwambie mbwa wake hana kosa."

"Mimi, baba?"

"Aliyekata kandambili ni nani, ni mimi? Nenda. Na unawe mikono kwanza, usinitie aibu."