Fimbo Zilizobaki Chini ya Kitanda

Mwanangu, ile siku ya Mbale naikumbuka kama mtu anavyokumbuka jino lililong'olewa bila ganzi. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, miguuni nina viatu vya kuazima, na moyoni nilijiona mpiga gofu hodari kuliko wote waliobaki Jinja. Kasoro ilikuwa moja tu: uhodari wangu wote ulikuwa wa ndani ya nyumba.

Usicheke kwanza. Ngoja nikueleze.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Hata leo nikifika Budondo tu hapo, naona nimesafiri, naanza kuulizia mahali pa kulala. Vita vilinikuta na tabia hiyo tayari, vikaipa na sababu. Miaka ile kutembea na mfuko wa fimbo za gofu begani kulikuwa kujitafutia makubwa, kwa maana ukitazamwa kwa mbali zilifanana na bunduki. Siku moja nilisimamishwa kwenye kizuizi. Askari akachomoa ile fimbo ndefu ya kuanzia, akaigeuza juu chini, akachungulia kama ina tundu.

"Hii kitu ni nini?"

"Fimbo, afande. Ya mchezo."

"Ya kuchunga? Ng'ombe iko wapi?"

"Si ya kuchunga, afande. Ni ya kupiga mpira."

"Mpira napigwa na mguu! Wewe nadanganya mimi?"

Akaniamuru nimwonyeshe mchezo wenyewe palepale barabarani, bila mpira, wenzake wakishika mbavu kwa kucheka. Namshukuru Mungu walicheka. Nilirudi nyumbani, nikazifunga fimbo zote kwenye mkeka, nikazisukuma chini ya kitanda. Nikabakiza moja, ile fupi ya kusukumia mpira shimoni, ambayo sisi wachezaji tunaiita pata.

Basi jua likizama, amri ya kutotoka nje ikianza, mimi nalaza kikombe cha bati mwisho wa ukumbi na kusukuma mpira juu ya sakafu ya sementi. Tiki, tiki, tiki. Shangazi yangu, aliyenilea, alichoka.

"Wewe Rama, hicho kikombe ni cha chai au cha mipira? Wenzako wanaomba amani irudi, wewe unagonga ukuta."

Lakini mpira ulikuwa unaingia. Ukitoka mlangoni unaingia, ukitoka kona ya jikoni unaingia. Nikawa sikosei. Habari zikaenea mtaani kwamba kuna kijana hakosi.

Vita vikaisha, na watu wakaanza kurudi mmojammoja. Uwanja wetu wa gofu tuliukuta umekuwa shamba la mahindi. Siwalaumu waliolima, njaa ilikuwa ya kweli. Tulifyeka, tukafukia mashimo, tukaanza kucheza. Ila wakubwa wa mji walikuwa na neno. Walisema kama gofu imerudi kweli, basi tuilete ile mechi yetu na Mbale, watu waione. Isipokuja, ardhi itagawiwa wakulima.

Na hapo ndipo penye kazi. Desturi ya mechi ile ilikuwa hivi: anayeshinda ndiye mwenyeji wa inayofuata. Mara ya mwisho kabla ya vita Mbale walishinda. Kwa hiyo ili mechi ije Jinja ilikuwa lazima kwanza twende kwao, tukashinde kwao.

Mzee Swaibu alinichagua mimi niwe mwenzake. Huyu alikuwa fundi magari mstaafu, mtu wa maneno machache na kofia nyeupe isiyochafuka, naye ndiye aliyetuongoza kufyeka uwanja. Mchezo wenyewe ni wa watu wawili kwa mpira mmoja, wewe unapiga, mwenzako anapiga, mpaka uingie shimoni. Alipouliza kama nafanya mazoezi nilimjibu, "Kila siku, Mzee." Hakuuliza ya fimbo gani. Nami, mwanangu, sikuona haja ya kumsumbua.

Tukaenda. Uwanja wa Mbale uko chini ya Wanale, na ukiinua macho kupiga, ule mlima unakutazama kama mwalimu wa zamu. Wapinzani wetu walikuwa Mzee Mafabi wa Nabuyonga, rafiki wa siku nyingi wa Mzee Swaibu, na mwanawe. Kuzunguka mashimo nyasi zilikuwa zimekufa miaka ya vita, wakaweka mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari. Mimi nikasukuma mpira kama ninavyosukuma ukumbini kwetu. Ukatembea hatua kidogo, ukasimama kwenye ule mchanga kama uliotiwa breki.

"Ongeza nguvu, kijana," Mzee Mafabi akasema. "Hapa si msikitini, hatutembei kwa vidole."

Hilo nilijifunza haraka, na pata ikaanza kunisikia. Tulifika shimo la mwisho tukiwa sawasawa. Mzee Swaibu akapiga mpira wa kwanza, ukaenda ulikotakiwa, katikati kabisa. Zamu yangu. Mbele yangu kulikuwa na kijito chembamba, ng'ambo yake mchanga wa shimo. Kazi ilikuwa ya fimbo ya chuma ya katikati, namba saba, wala si kazi ngumu. Mwanangu, mkono wangu ulikuwa haujafanya mazoezi ya namba saba tangu siku ya kizuizi. Nikaichimba ardhi. Donge la nyasi lilivuka kijito vizuri sana. Mpira ulijiviringisha taratibu, ukatumbukia majini.

Tulishindwa. Mzee Mafabi alimkumbatia rafiki yake, kisha akanigeukia.

"Pole, bwana. Huo mkono wa kusukuma usiutupe. Kwetu kuna sakafu nyingi za kupiga deki."

Wote walicheka, hata mimi, kicheko kile cha mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Mzee Swaibu pekee hakucheka. Njiani hakusema kitu mpaka tulipokaribia nyumbani.

"Rama, mazoezi yako ni ya fimbo gani?"

Nikajifanya natazama njia.

"Ya pata peke yake?"

"Ilikuwa vita, Mzee. Fimbo nyingine..."

"Vita najua. Nilikuwepo." Akavua kofia, akaiweka juu ya goti. "Uliificha namba saba, ulifanya vizuri. Ungeweza kuuawa. Lakini vita vimeisha, bwana. Nani anakukataza sasa?"

Akaivaa kofia tena.

"Umegawa muda wako kwa woga. Fimbo usiyoiogopa unaipa siku nzima. Unayoiogopa unaipa mkeka."

Angenipiga kofi lingeuma zaidi kidogo, au pungufu kidogo, sijui. Kesho yake alikwenda kwa wakubwa wa mji akawaomba mwaka mmoja zaidi. Aliomba kwa jina lake yeye, hakulitaja langu.

Kisha akanifundisha. Alinipa konzi ya mahindi makavu, akaniambia nicheze uwanja mzima, na kila nikiharibu pigo nitie punje mfukoni: fimbo ndefu mfuko wa kulia, fimbo za katikati mfuko wa kushoto, zile fupi za kuinulia mpira karibu na shimo mfuko wa shati, na pata ndani ya soksi. Nilipomaliza, suruali ilikuwa inaning'inia upande wa kushoto, na soksi ilikuwa karibu tupu.

"Sasa unajua pa kwenda," akasema. "Anayeumwa tumbo hapaki dawa kwenye kidole."

Basi tukagawa. Nusu ya mazoezi yangu ikawa ya namba saba na ndugu zake. Robo ikawa ya fimbo fupi na pata, maana mikono ndiyo inayosahau upesi pale karibu na shimo. Fimbo ndefu, ambayo vijana wote huipenda kwa sababu ya mlio wake, aliipa mipira michache tu. Muda uliobaki alinikataza kupiga fimbo moja mara mbili mfululizo. "Uwanjani hakuna anayekupa nafasi ya kurudia," alikuwa akisema. Na kila mwezi nilirudia zile punje, kwa sababu ugonjwa huhama. Upande wa kushoto ulipopungua, mfuko wa shati ukavimba, na mgawo tukaubadili.

Mwaka uliofuata mgongo wa Mzee ulikataa safari, nikaenda Mbale na mwenzangu mwingine. Shimo la mwisho tukawa tena sawasawa, na kijito kilikuwa palepale, hakikuhama kwa ajili yangu. Sikuupiga ule mpira vizuri sana. Ila ulivuka, tukashinda.

Hivyo ndivyo mechi ilivyokuja Jinja. Siku yenyewe watu walijaa, wakiwemo wale waliolima mahindi, wameleta watoto. Mzee Mafabi alimshika mkono Mzee Swaibu, akamkokota hadi mahali pa kuanzia, akamwambia yeye ndiye wa kufungua. Mzee akaitazama mifuko yote ya fimbo, akachagua namba saba. Mpira haukwenda mbali, ukakaa kwenye nyasi fupi, tena katikati. Akatukazia macho kama tumemkosea adabu.

"Mnangoja nini? Uwanja ni wenu. Chezeni."

Mwanangu, ninakuona jioni unavyoipiga ile fimbo ndefu mpaka giza linaingia, jirani wanapiga makofi, nawe unarudi umevimba kichwa. Sikukatazi raha. Ila kabla ya kugawa muda wako, jiulize ni wapi unapoharibu, na upeleke sehemu kubwa ya jasho lako huko. Fupi na pata uziguse kila siku, hata kwa kitambo. Usimalize mazoezi bila kuzichanganya fimbo zote. Na mwezi ukiisha jikague upya, kwa sababu wewe wa leo si yule wa mwezi jana. Fimbo utakayoikwepa ndiyo utakayohitaji siku watu wengine wanakutegemea. Kwenye gofu ni hivyo, na kwenye maisha ya nje ya uwanja sijapata kuona tofauti, ingawa nakiri huko nje sijatembea sana.

Mungu akupe mikono mitulivu na moyo wa kwenda palipo pagumu asubuhi, ungali na nguvu. Akupe na mwenzi wa kukuambia ukweli njiani, kisha akakuombee mahali usipokuwepo. Amina, mwanangu. Nenda, jua bado lipo.