Eladio Maisonet na Gari Lililovunjika Mgongo

Mgeni aliyeingia kwa mara ya kwanza katika gereji ya Eladio Maisonet, mjini Yabucoa, alipokewa kwa kukabwa. Eladio hakuwa na salamu nyingine gari likiwa linanguruma. Akikuona umesimama ubavuni, usawa wa injini, alikuja mbio, akakukamata ukosi wa shati na kukuburuta mpaka mbele ya taa za gari, ndipo akakuuliza jina na shida yako. Wageni walicheka huku wakinyoosha kola zao. Waliomjua siku nyingi hawakucheka. Walikuwapo siku ile gurudumu la klachi, sahani nzito ya chuma iliyo nyuma ya injini, lilipopasuka katika gari la rafiki yake Benigno, kipande kikachomoka kama panga lililorushwa, kikamkata Benigno mguu chini ya goti na kwenda kukwama ukutani. Eladio ndiye aliyeukaza mguu kwa mkanda wa suruali yake mpaka damu ikasimama.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mabega mapana, mpole mezani kwa mama yake na mkali mbele ya vyuma. Yeye alitengeneza, na mdogo wake Yamil akaendesha. Gari lao lilikuwa Corolla ya mwaka 1982, jepesi kama kopo, na katika barabara iliyo nyuma ya kiwanda cha sukari kilichofungwa halikuwa limewahi kushindwa mbio. Huko ndiko kosa lao lilikozaliwa. Lami ile ilikuwa na vumbi. Yamil akiachia klachi, matairi yalizunguka bure kwanza, yakafuka moshi, na nguvu ya injini ikapotea kabla haijavielemea vyuma vya chini. Miaka yote hiyo ndugu hao waliamini kwamba propela na difu lao, lile sanduku la gia za nyuma linalozungusha magurudumu, ni imara, kumbe ni utelezi uliokuwa ukivihurumia.

Jumatano, siku nne kabla ya mashindano ya magari mawili mawili, walilipeleka gari kwenye uwanja wa mbio wa kusini kulijaribu. Uwanjani lami hupakwa gundi. Ukikanyaga vibaya unaacha kiatu. Yamil alifunga matairi mapya, mapana na laini. Taa za njano ziliwaka moja baada ya nyingine, na ya kijani ilipowaka, matairi yakashika. Hayakuteleza hata shibiri moja, na nguvu yote ikaiangukia propela, ule mhimili mrefu unaopeleka mwendo nyuma. Ikakatika katikati. Kipande kilichobaki kwenye injini kiliendelea kuzunguka, kikaitwanga sakafu ya gari kama nyundo ya mwendawazimu, kikaitoboa, kikapanda ndani na kurarua kiti, suruali na paja la Yamil. Gari likaruka, likajibamiza kwenye ukuta wa zege.

Katika uwanja ule, ukimwaga vyuma njiani, mpinzani wako ndiye anayekufagilia. Quirino Alicea wa Juana Díaz, aliyepangwa kukimbia na Yamil Jumapili, alikuja akitabasamu, fagio begani na ndoo mkononi.

"Hodi hodi, watu wa Yabucoa! Mmeangusha vijiko vyenu. Mama yenu leo atapakulia nini?"

"Weka ndoo chini, Quirino," alisema Eladio, akiwa bado anamfunga mdogo wake paja.

"Naweka, mzee. Ila huyu mtoto mnunulie baiskeli. Mnyororo wa baiskeli ndio saizi yenu."

Yamil akainuka na mguu wake uliolowa damu, akaikwapua ndoo na kumpiga nayo Quirino mdomoni. Vyuma vikamwagika pamoja na jino. Watu wa Quirino wakaja wanne. Mmoja alivunja mpini wa fagio mgongoni mwa Eladio. Eladio akageuka, akampiga kichwa cha pua, akasikia mfupa ukilia. Hawakuachana mpaka wazimamoto wa uwanja walipowamwagia maji.

Alhamisi asubuhi, gerejini, kulikuwa na vitu viwili na nafasi ya kimoja. Mezani lilikuwapo turbo kubwa la kuiongezea injini nguvu, ambalo Yamil alilingoja mwaka mzima. Sakafuni ulikuwapo mhimili wa nyuma wa pikapu kuukuu, pamoja na difu lake nene, ambao ungelazimika kukatwa pande zote mbili ili utoshe chini ya Corolla, kuunganishwa upya na kutafutiwa propela ya unene wake. Kila kazi ilitaka siku tatu.

"Turbo, kaka," alisema Yamil. "Quirino anamaliza kwa sekunde tisa. Sisi kumi na robo. Hiyo ni hesabu ya chekechea."

"Jana ulimaliza kwa ngapi? Ulimaliza ukutani."

"Nitatoka taratibu. Nitaachia klachi kama naweka yai."

"Wewe? Wewe hata mlango wa choo hufungi taratibu."

"Unaogopa! Tangu Benigno akatwe mguu umekuwa bibi kizee."

Ngumi ya Yamil ikamfika Eladio kwenye shavu. Eladio akamsukumia mdogo wake juu ya meza, akamkandamiza kifua kwa kiwiko, kisha akalishika lile paja lenye bendeji na kulibana. Yamil akapiga yowe. Damu ya moto ikapita katikati ya vidole vya Eladio, naye akajichukia, lakini hakuachia.

"Jeraha hili ni la propela tu," alihema Eladio. "Turbo hili likilipasua difu, nitakuokota kwa koleo. Nisikilize. Mimi nalitaka turbo kuliko wewe. Naliota! Lakini injini yetu ina nguvu ambazo hatujawahi kuzitumia. Barabarani zote zilikuwa zinaishia kwenye moshi. Nipe vyuma vinavyoweza kuzibeba, uachie klachi bila kuihurumia, halafu uone Quirino atakuona wapi."

Mama yao, Bi Providencia, akasimama mlangoni na sufuria ya wali wa mbaazi.

"Kuleni kwanza," alisema. "Mtauana mkishashiba."

Walikula bila kutazamana. Baada ya hapo Yamil akachechemea hadi kabatini, akachukua msumeno wa chuma na kumtupia kaka yake. Kwa siku tatu walikata, wakachomelea, wakagonga na kutukanana. Cheche ziliwachoma mikono, na turbo likabaki mezani ndani ya gunia.

Jumapili alasiri jozi yao iliitwa. Quirino, midomo imevimba na kushonwa, hakumtazama mtu. Yamil alisogea mstarini, akakanyaga mafuta mpaka injini ikafika mizunguko elfu saba kwa dakika, akaishikilia hapo, mahali ambapo hakuwahi kuthubutu kuishikilia. Eladio alikamata waya wa uzio kwa mikono miwili.

"Achia yote, mdogo wangu," alisema kwa sauti, ingawa hakuna aliyeweza kumsikia. "Yote!"

Taa ya kwanza ya njano ikawaka.