Fundo la Leso na Bendera ya Grenada

Nakumbuka siku moja, mwanangu, naikumbuka hadi harufu yake. Ilikuwa alasiri kule Riyadh, wali wa kabsa uko jikoni, kiyoyozi kinanguruma, nami nimesimama sebuleni. Madam alikuwa ameishika leso yangu kwa ncha za vidole, vile unavyomshika panya aliyekufa. Nitakueleza yote, maana mamako kaniambia nawe unakwenda huko, lakini kaa vizuri kwanza. Na hiyo chai usiiache ipoe, mie sipashi mara mbili.

Nilikwenda Saudia miaka ile ambayo kila mtaa wa Mombasa ulikuwa na ajenti wake wa kupeleka wasichana kazi za nyumbani. Sikuwa mwari; nilikuwa nimeshazaa na nimeshaachika. Lakini ugenini mtu huanza ujana upya, pamoja na ujinga wake. Mamangu aliponiaga alinipa leso aliyokuwa ameivaa, na pindoni akafunga fundo, na ndani ya fundo kungumanga nzima aliyoletewa na shemeji yake kutoka Pemba. Unajua kwetu, kitu unachokithamini unakifunga pindo la leso: pete, ufunguo, pesa ya sokoni. Akaniambia, "Ukikosa usingizi inuse. Ukinikumbuka inuse pia." Nikaitia begini nikapanda ndege. Kumbe kule kungumanga nzima inahesabiwa pamoja na vilevi! Hakuna aliyeniambia, na mie sikuuliza.

Nyumba niliyoangukia haikuwa mbaya, na lazima niseme hivyo, maana wenzangu wengine yaliwapata makubwa, Mungu awaponye. Madam alikuwa mwepesi wa hasira na mwepesi wa kuisahau. Mumewe, ambaye wote tulimwita Baba, ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani mdhamini wangu kisheria, mtu wa maneno machache. Pasipoti yangu ilikaa kabatini mwake. Walikuwa na binti wa shule ya msingi, Rima, na mdogo wake Fahad, ambaye ndiyo kwanza anatambaa.

Sasa Fahad akaacha kula. Analia, anakataa chupa, anakataa hata mikono ya mamake. Madam halali, anazunguka nyumba nzima akitafuta sababu. Ndipo akaingia chumbani kwangu, akainua mto, akaikuta leso ya mama. Leso, kama ujuavyo, ina jina lake, yaani msemo wake, limeandikwa chini. Kwa hiyo mwenzangu aliona kitambaa chenye maandishi asiyoyajua, kimefichwa chini ya mto, na pindoni pana fundo lenye kitu kigumu. Hebu jitie mahali pake, mwanangu. Mwanawe mgonjwa, ana mgeni ndani ya nyumba, na kila siku tunasoma dua tukingwe na wanaopuliza mafundoni. Wewe ungefikiri nini?

"Sihri!" alipiga ukelele. "Sihri nyumbani mwangu!" Yaani uchawi.

Baba akaja mbio. Akaniuliza kile ni nini. Nami Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni tu: vitunguu, maji moto, yalla, halas. Nikasema, "Mafi, Baba, mafi." Hakuna kitu. Lahaula! Hakuna kitu vipi, na kitu wanakiona kwa macho yao? Kila nikisema hakuna, wao wanazidi kuamini kipo. Nikaangua kilio. Baba akatoa simu aite askari. Nilikuwa nimeshasikia habari za wasichana waliochukuliwa kwa neno hilo moja, wengine hawakuonekana tena mpaka wazazi wao wakawa hoi kwa kuwatafuta. Nikakaa sakafuni.

Kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Miss Agnes, aliyekuwa akija alasiri kumfundisha Rima Kiingereza. Mama wa makamo, mweusi kama mie, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Siku zote nilimfungulia mlango na kumpelekea kahawa nikidhani katoka mahali fulani huku kwetu Afrika. Rima akamweleza mambo yalivyo kwa Kiingereza. Miss Agnes hakuomba ruhusa ya mtu. Aliichukua leso mkononi mwa Madam, akalifungua fundo, akaitia kungumanga puani, akaangua kicheko. Wallahi, kicheko! Sote tukamtumbulia macho, tukidhani sasa karogwa yeye.

"Kwetu hii iko kwenye bendera," akasema.

Akatoa simu yake akatuonyesha. Nchi yake ni Grenada, kisiwa kilichoko bahari ya Karibi, kidogo hivi kwamba alisema kwenye ramani nyingine huoni ila nukta. Akaweka kidole kwenye bendera, akawa anaeleza, na Rima anafasiri kwa Kiarabu, amejaa fahari kwa kazi hiyo. Nyekundu ya ukingoni ni ushujaa wa watu wake. Manjano ni jua, na pia ni busara na ukarimu. Kijani ni mashamba na rutuba yake. Nyota za ukingoni ni sehemu za kisiwa, na ile ya katikati, ndani ya duara jekundu, ni mji mkuu. Na hapa, upande wa mlingoti, ndani ya kijani, tunda limepasuka: kungumanga, na basibasi, ule utando mwekundu unaoifunika, ndani. Ndiyo iliyowasomesha, ndiyo iliyowajengea nyumba, basi wakaipandisha juu kila mtu aione.

Rima akalitaja kwa Kiarabu, na Madam akashika kifua. Kumbe jina alilijua! Kila siku akiitia kwenye mchuzi, imesagwa ndani ya bizari, ila nzima yenyewe hakuwahi kuiona maishani mwake.

Lakini Baba bado simu ilikuwa mkononi. "Na haya maandishi?" akauliza.

Miss Agnes akanigeukia. "Bendera yangu nimeieleza. Kitambaa chako kinasema nini?"

Nikafuta machozi. Kwa Kiingereza changu cha kuombea maji nikasema ni maneno ya kumsifu mama mzazi, na kwamba ni mamangu aliyenipa, na kwamba nikinusa namkumbuka. Rima akafasiri. Madam akainama akanishika mkono kuniinua. Baba akairudisha simu mfukoni, akasema kungumanga nzima hairuhusiwi nchini mwao, akaenda akaitupa chooni akavuta maji, na leso akanipa mwenyewe mkononi. Siku chache baadaye fizi ya Fahad ikatoboka. Mtoto alikuwa anaota jino! Madam alicheka mpaka akalia, na yule mama, ambaye hakujua kuomba radhi, alinipikia chai kwa mkono wake akaniletea nilipokuwa nikikunja nguo.

Shule zilipofungwa tulikwenda Jeddah kwa mamake Baba. Miss Agnes naye alikuwa ameshahamia huko kikazi, na Madam akamwalika pwani jioni moja, pale familia zinapotandika mazulia wakala mbegu na kutazama maji. Nikamwendea nimbusu mkono. Akauvuta.

"Usinishukuru bado. Nina hasira nawe."

"Kwa nini, mama?"

"Mbona ulisema hakuna kitu?"

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Lakini ndani ya lile fundo alikuwamo mama yako. Wakakuuliza ni nini, ukasema hakuna."

Mwanangu, nilipigwa na neno lile kuliko ukelele wa Madam. Naye akalainika, akanimegea mkate. Akaniambia kwao kila mtoto hufundishwa kuieleza bendera rangi kwa rangi, maana kisiwa kidogo kikinyamaza, wakubwa watakisemea watakavyo. Akaniuliza ya kwetu. Nikamsomea kama nilivyokariri shuleni: nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu ya waliopigania uhuru, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani, ngao na mikuki ni ulinzi wetu.

"Ala! Kumbe unajua kueleza," akasema. "Basi jieleze na wewe."

Tangu jioni ile nikaanza shule na Rima. Alinifundisha sentensi moja moja za Kiarabu nikiosha vyombo: hiki ni cha mamangu, hii ni dawa ya tumbo, hili sijui kama linaruhusiwa, niambie. Madam akazoea kusimama mlangoni mwa jikoni akaniuliza mambo ya kwetu, na ilipofika siku ya kuondoka aliwajua wanangu wote kwa majina. Namshukuru, maana alikuwa na hofu lakini alisikiliza. Namshukuru Baba aliyeirudisha simu mfukoni. Namshukuru Rima na ulimi wake mdogo. Na Miss Agnes, popote alipo, kila nikiomba dua simsahau, kwa kicheko chake na kwa hasira yake pia.

Basi wewe unayefunga begi sasa, nisikilize. Uliza kabla hujatia kitu humo: kule kinaruhusiwa au hakiruhusiwi? Kama hakiruhusiwi, kiache nyumbani, hata kama umepewa na mama. Jifunze lugha yao tangu siku ya kwanza, wala si ya kuagizwa tu, ile ya kujibu. Na kitu chako kijue maana yake, ukieleze kwa kinywa chako, hata kama kinywa kinatetemeka. Maana iko siku, ndani ya nyumba ya watu, watakutazama juu mpaka chini wakuulize wewe ni nani. Siku hiyo usije ukawajibu kwamba hakuna mtu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ulimi mwepesi, akupe bosi mwenye masikio, na akurudishe kwa mamako ukiwa mzima kama ulivyotoka mikononi mwake.