Askari wa Lango Letu

Ofisi ya gazeti letu ilipofungwa kwa amri ya serikali, niliendelea kwenda pale kila asubuhi kwa mazoea tu, maana nyumbani sikuwa na wa kuzungumza naye. Langoni alisimama askari polisi mmoja, bunduki begani.

"Mzee, hakuna kuingia," aliniambia siku ya kwanza. Baada ya hapo tukawa tunatazamana tu.

Asubuhi moja akaniita kwa kidole. "Ni wewe uliandika juu ya maji ya bareki yetu, kambi ya polisi?"

"Ni mimi, afande."

"Uliandika, kesho yake mafundi wakakuja. Sasa bomba imekauka tena. Bibi yangu na watoto wanachota kwa mtaro." Akaangaza huku na huku, akashusha sauti. "Andika tena, mzee. Lakini usitaje mimi."

"Niandike wapi, afande?"

Akageuka, akalitazama kufuli la lango letu, akalivuta kidogo kuona kama limekaza.

Wakubwa walitaka kimya, wakakipata: hata kiu ya askari wao wenyewe hawakuisikia. Nami nilirudi nyumbani kwangu Bugolobi na habari ya ukurasa wa kwanza, yenye wasomaji wawili tu, na sote wawili tulikuwa tunaijua tayari.