Ubatizo wa Mama

Jirani yangu, fundi cherehani, ameacha kusali na Wamormoni, lakini chai, ambayo dini yao huikataza, bado haigusi. Ukimkaribisha hufunika kikombe kwa kiganja na kucheka: "Moyo umetoka, ulimi umebaki." Hushona akiwa na pini midomoni, akiimba puani nyimbo za kanisani bila maneno, na akijigundua hunyamaza ghafla. Jana akina dada wawili wa kanisani walikuja kumwuliza kulikoni. Akazitoa pini moja moja.

"Mama aliikataa dini hii hadi anakufa. Mkaniambia kwenu wafu hubatizwa kupitia walio hai, basi nibatizwe kwa niaba yake. Nikazamishwa majini, jina lake likatajwa. Tangu siku ile, kila nikipiga magoti naona nimemlazimisha."

"Lakini huko aliko ana hiari ya kuukataa ubatizo huo," mkubwa wao akasema kwa upole.

"Alishakataa, dada. Alinikatalia mimi, akiwa amenishika mkono."

Jirani yangu aliwasindikiza hadi barabarani, akawakumbatia, akarudi macho mekundu.

"Nawapenda sana wale," akaniambia. "Mama alipofariki, ndio waliolala nami sakafuni."