Wateja Niliowatuma kwa Damalie

Gomesi moja, lile vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda, ina karibu mita sita za kitambaa, na kuikunja ipasavyo huchukua dakika tano, ukiwa na mikono ya Damalie. Ukiwa na mikono yangu itachukua robo saa, na bado utadhani ng'ombe ameilalia. Unaitandaza juu ya kaunta, unaingiza mabega ndani ili zile ncha zake zisivunjike, unaleta pindo katikati, unageuza, kisha unaweka mshipi juu yake. Ukikosea, hariri inashika alama, na mwanamke anayetafuta vazi la kwendea utambulisho wa binti yake, siku mchumba anapojulishwa kwa wazazi, hataitazama mara mbili.

Damalie ameifanya kazi hiyo miaka tisa, katika duka la Harriet lililo upande wa Uganda wa mji wetu wa Busia. Mimi niko mlango wa pili, nauza vifungo, zipu, nyuzi na sindano. Nyumbani kwangu ni Busia ya Kenya. Navuka asubuhi, narudi jioni, na sokoni wote wananiita Mama Sydney, kwa jina la mwanangu. Gomesi ina vifungo viwili upande wa kushoto, kwa hiyo anayeingia kwangu kununua vifungo huwa namwelekeza kwa Damalie, na Damalie akiuza gomesi isiyo na vifungo humleta mteja kwangu. Ndivyo tunavyoishi hapa. Jirani asiyekutumia mteja ana jambo na wewe.

Lakini wateja wenyewe, jamani! Mimi sina subira nao, sifichi. Wanaingia na matope ya mvua hadi katikati ya duka. Wanatupa maganda ya karanga chini kama wako shambani. Mtu anakula chapati, anafuta mafuta kwenye nguo asiyokusudia kununua. Siku moja mama mmoja alimbadilishia mtoto nepi juu ya kaunta ya Damalie, akaiacha pale pale, na akauliza kama kuna punguzo. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Mimi huwa nawafokea. Damalie hakuwahi. Alikuwa akiokota, akifuta, akikunja, kisha ananicheka.

"Duka si kanisa, Mama Sydney," alikuwa akisema. "Watu nakuja, nafungua, naona. Wacha waone."

Nilikuwa namwambia upole huo utamzeesha kabla ya siku zake. Aliolewa Tororo na mwanamume mmoja, Othieno, wakakaa miaka sita bila mtoto, na siku moja akarudishwa na sanduku lake. Mama yake, mjane wa kule Buhehe anayelima mihogo, alimwona akija njiani, akaweka maji ya kuoga jikoni, akampa chakula, na hakumuuliza lolote. Wala siku ya pili hakuuliza. Damalie alinisimulia hilo mara nyingi, na kila mara sauti yake ilishuka. Alikuwa akisema kwamba katika dunia nzima ana mtu mmoja tu.

Ila hakuwa akienda Buhehe mara kwa mara. Duka linafunguliwa hata Jumapili mchana, na Harriet, ambaye anakaa Tororo kwenye duka lake kubwa, ana sharti moja: kabla hujafunga, piga picha ya rafu zote, umtumie kwa simu. Kila nguo iwe mahali pake. Si mwanamke mbaya. Aliwahi kuibiwa marobota mawili ya hariri, na wezi walikuwa wameyaficha chini ya rundo la nguo zilizoachwa chini. Tangu hapo hataki kuona rundo. Msichana aliyemtangulia Damalie alifukuzwa kwa sababu ya picha moja tu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Desemba iliyopita, Alhamisi, msimu wa utambulisho na harusi, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Baadhi ya mambo nitakayoyasema sikuyajua siku ile. Niliyajua baadaye, yalipokuwa hayanisaidii kitu.

Saa nane mchana Oundo, mdogo wake Damalie, alimpigia simu. Mama yao alikuwa ameugua tangu Jumatatu, na asubuhi ile aliacha kunywa hata uji. Alikuwa anataja jina moja tu. Oundo akamwambia, "Njoo leo. Usingoje kesho." Damalie akampigia Harriet, naye hakumzuia. Alimwambia apange duka, atume picha, afunge, aende. Na duka lilikuwa limepangwa, maana mvua ilikuwa imewazuia wateja tangu asubuhi. Kulikuwa hakuna la kufanya ila kupiga picha na kutafuta pikipiki. Buhehe si mbali.

Wakati huo huo mimi nilikuwa dukani kwangu na wanawake wanane. Walikuwa wanakwaya, wametoka upande wa Tororo, wanakwenda kumsindikiza mwenzao kwenye utambulisho, na walitaka vifungo vinavyofanana kwa wote wanane. Walifungua makopo yangu yote kumi na manne. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, akamshusha juu ya kaunta, na mtoto akatia mikono, vifungo vya lulu vikachanganyika na vya shati, vingine vikaenda chini ya kabati. Walicheka. Walisema mtoto atakuwa fundi. Kisha kiongozi wao akasema kwamba hata gomesi zenyewe hawajapata, eti wanatafuta nane za rangi moja.

Hakuna duka Busia nzima lenye gomesi nane za rangi moja, na mimi nalijua hilo vizuri. Nilijua pia kwamba watu kama hawa hawanunui, wanapitisha siku. Lakini nilitaka watoke kwangu. Nikatabasamu, tabasamu la biashara, nikawaonyesha mlango wa pili.

"Nendeni pale kwa Damalie," nikasema. "Fungueni zote mpaka mridhike. Yule dada hana neno."

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wangebaki kwangu ningewafukuza kwa fagio. Niliwapeleka kwa mtu ninayejua hawezi kufukuza, nikainama kuokota vifungo vyangu, nikiona nimefanya ujanja.

Walimkuta ameshika simu, anataka kupiga picha. Aliwaambia, "Leo nafunga mapema, samahani." Kiongozi wao akamjibu, "Mama wa vifungo ametutuma. Amesema tufungue tu." Damalie akaweka simu chini. Alinisimulia hayo bila lawama yoyote. Alidhani jirani yake amemletea wateja wakubwa wa sikukuu, na kuwarudisha kungekuwa kuniaibisha mimi.

Walikaa hadi saa tisa. Walifungua gomesi thelathini na nane, wakajifunga mishipi wakapigana picha, wakaziangusha sakafuni kwenye matope ya viatu vyao. Hawakununua hata moja. Waliacha chupa za soda kwenye rafu.

Saa kumi na moja mimi nilifunga, maana sipendi foleni ya jioni pale mpakani. Nikapita mlangoni kwake. Alikuwa amepiga magoti katikati ya vitambaa vya kila rangi, anafuta tope kwa kitambaa chenye maji, anakunja, anafuta, anakunja. Kumi na kitu zilikuwa zimebaki. Niliona kwamba macho yake ni mekundu, nikadhani ni vumbi la nguo. Nami, kwa mdomo huu, nikamtania:

"Leo utalala na gomesi zako!"

Akainua kichwa, akacheka kidogo. "Nenda salama, Mama Sydney."

Hakuniambia. Sikumuuliza. Nikaenda zangu.

Alituma picha saa kumi na mbili. Alifika Buhehe kabla ya saa moja, akawakuta wanawake wa jirani wamekwisha kukaa uani. Mama yake alikuwa amekata roho nusu saa iliyopita.

Tulienda mazishini watu wa sokoni, na Harriet pia alikuja, akalia kweli. Oundo alikaa karibu nami, akawa ananieleza jinsi mchana ule ulivyopita. Nyumba yao iko kando ya barabara. Tangu alipoambiwa Damalie anakuja, mama yao alikuwa akisikia pikipiki anafumbua macho na kusema, "Ndiye huyo." Pikipiki inapita. Inakuja nyingine. "Ndiye huyo." Oundo alisema hakujua kumbe barabara ile ina pikipiki nyingi kiasi kile. Nilitamani anyamaze, na sikuweza kumwambia anyamaze.

Kisha Damalie akasimama kushukuru watu. Akanishika mkono mbele ya kaburi.

"Huyu ndio Mama Sydney," akawaambia. "Jirani yangu ya Busia. Yeye ndio ananiletea wateja. Hata siku ile alinikumbuka."

Watu wakaitikia, "Asante, mama!" Nikatazama udongo.

Ningesema siku ile, pengine ningekuwa mtu mwingine sasa. Nimejaribu baadaye, mara tatu au nne, na kila mara ulimi unakuwa mzito. Ninachofanya ni kufunga duka langu saa kumi na moja na kuingia kwake. Amenifundisha: mabega ndani, pindo katikati, geuza, mshipi juu. Nimekuwa mwepesi. Ananifungulia soda, ananiuliza habari za Sydney.

Jioni moja wiki iliyopita tulikuwa tumebakiza chache. Akaniangalia, akasema, "Mungu alinichukua mama, akanipa wewe."

Nikavuta gomesi nyingine, nikaendelea kukunja.