Safari ya Kumwacha Sumaya Modogashe

Akina mama niliokuwa nakutana nao siku za kliniki pale Garissa wana swali lao moja: Mwalimu, huyu wa mwaka na nusu nimchezeshe nini asinitoe roho? Kwa kuwa nafundisha chekechea, wanadhani nina dawa. Na kweli huwa nawapa: kijiko na sufuria, kopo la maziwa lenye vifuniko, maji kidogo kwenye beseni. Waliposikia nimesafiri na Sumaya wangu mpaka Modogashe, wakaniomba kwenye simu niwaandikie tulicheza nini njiani. Haya, naandika yote. Ila msitegemee kucheka, maana sikwenda matembezi. Nilikwenda kumwacha.

Barua ya uhamisho ilinitaka niripoti Banissa, mbali kabisa kaskazini. Nilipiga simu huko, nikaambiwa chumba kipo, tutalala walimu watatu. Yaya wangu alikataa katakata kunifuata. Baba yake Sumaya ni dereva wa lori, leo yuko Wajir, kesho hujui. Ikaamuliwa mtoto akae kwa mama yake mume wangu mpaka nipate nyumba. Kila mtu aliniambia ni jambo la kawaida, watoto wangapi wamelelewa na bibi zao? Niliitikia vizuri, nikaingia chooni nikalia. Kesho yake nikaanza kupaka shubiri kwenye ziwa ili aache kunyonya.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka Garissa na pikapu ya Mzee Mutua, rafiki wa mume wangu, anayepeleka unga na sabuni kwenye maduka ya Modogashe. Tulikaa mbele. Sumaya mapajani, begi lake dogo miguuni. Begi langu halikuwepo, na hilo lilinichoma kila nilipotazama chini.

Mpaka saa tatu hivi tulicheza vifuniko. Unachukua vifuniko vya madumu, vya rangi rangi, na kopo tupu. Mtoto anatia, anamwaga, anatia tena. Alipochoka nilifunga kanga mafundo manne, akawa anayafungua kwa meno. Nje ngamia walikuwa wamesimama kando ya barabara, nikawa namuuliza ngamia anasemaje, naye anakoroma mpaka mate yanamtoka. Mzee Mutua alicheka. "Mwalimu, huyu mtoto hana shida kabisa. Wangu angeshanitapikia zamani." Nilisema mashallah, nikageukia dirishani.

Saa nne na nusu tulisimama Dujis kunywa chai. Hapo mchezo ni mchanga. Unamwaga maji kidogo ya chupa chini, unakandamiza kiganja cha mtoto, inabaki alama. Chako kando ya chake. Alipiga viganja vyake kuzunguka benchi lote huku akipiga kelele za furaha, na mama wa chai akatoka kumtazama.

"Abaayo, dada yangu, mtoto anacheka hivi, mnakwenda harusi?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Harusi ya ndugu yangu."

Sijui kwa nini nilidanganya. Kusema ukweli kungehitaji maelezo.

Adhuhuri tuliingia Modogashe. Malori yalikuwa yamejipanga penye njia panda, vumbi jekundu juu ya kila kitu. Mama mkwe, ambaye sote tunamwita Ayeeyo, yaani bibi, alikuwa amesimama mlangoni tangu aliposikia gari. Alimpokea Sumaya kutoka mikononi mwangu kabla sijamaliza salamu. Tulikunywa chai ya maziwa ya ngamia, tukala mikate laini ya anjera, kisha Ayeeyo akamwekea mtoto maganda ya mgunga mkononi na kumfungulia zizi la vitoto vya mbuzi. Kitoto kimoja kilivuta ganda, Sumaya akavuta, kikavuta tena. Alicheka mpaka akakaa chini. Alasiri nzima hakunitafuta hata mara moja. Mimi na vyeti vyangu vya chekechea nilikaa kwenye mkeka nikaona wivu, na nikaona aibu ya kuona wivu.

Siku ya pili, baada ya swala ya alasiri, Ayeeyo alikuja kukaa karibu yangu.

"Kesho gari likija, usimuage."

"Ayeeyo, mimi ndiye ninayewaambia akina mama wasiwatoroke watoto wao."

"Hao unaowaambia wanarudi jioni," alisema. "Wewe unarudi lini?"

Nilivuta ukindu mmoja wa mkeka.

"Ukimuaga atalia. Wewe utalia. Gari litaondoka na wewe bado umekaa hapa. Mchezeshe. Akizama kwenye mchezo, pita nyuma ya nyumba. Mimi nimewaacha watoto hivyo nikaenda na ngamia, na wote ni wazima."

Hakusema kwa ubaya. Alinishika goti muda mrefu. Kama angenigombeza ingekuwa rahisi zaidi kukataa.

Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, nilimwogesha, nikampaka mafuta, nikamkalisha mkekani. Kisha nikamchezesha mchezo anaoupenda kuliko yote. Unajifunika mtandio usoni, unauliza kwa Kisomali, "Hooyo meeday?", mama yuko wapi? Halafu unafunua: "Waa tan!", huyu hapa. Hauhitaji kitu chochote. Ndio mchezo wa kwanza ninaowafundisha wazazi wa watoto wachanga, na huwaambia faida yake: mtoto anajifunza kwamba mama akipotea machoni hajapotea kweli.

Tulicheza mara kumi, mara kumi na tano. Kisha akanivua mtandio akajifunika yeye. Alikaa chini ya kile kitambaa, tumbo likitikisika kwa kicheko anachokizuia. Honi ya Mzee Mutua ikalia barabarani. Ayeeyo akanionyesha njia kwa kidevu.

"Hooyo meeday?" niliuliza. Sauti yangu ilitoka vizuri tu, wallahi, kama ya siku zote.

Akanyamaza, akisubiri. Niliinuka. Nilibeba viatu mkononi nisisikike. Nilipofika kona ya nyumba nilimsikia akiuliza mwenyewe kwa sauti ndogo, "Meeday?" Hakuna aliyemjibu.

Safari ya kurudi sina michezo ya kuwasimulia. Nilijifunika kichwa kwa kanga ile ya mafundo. Tulipotoka mjini Mzee Mutua akauliza, "Unalia, mwalimu?"

"Vumbi."

"Madirisha yamefungwa," alisema kwa upole, na hakuuliza tena.

Kabla ya Dujis maziwa yalianza kutoka yenyewe, yakalowesha nguo mpaka kiunoni. Wiki mbili za shubiri na bado. Tulipopata mtandao nilimpigia Ayeeyo.

"Hajalia," alisema. "Nilikwambia. Ila anafunua nguo. Amefunua pazia, amefunua msala, amefunua mtandio wangu wa garbasaar nikiwa nimeuvaa. Kila akifunua anasema waa tan, kisha anatazama. Asubuhi alikuwa anacheka. Sasa hacheki."

Sikumwambia Mzee Mutua ageuze gari. Sitawaficha hilo. Nilisema inshallah atazoea, nikakata simu, na jioni nilikuwa Garissa napanga vitabu vya Banissa.

Baada ya wiki saba tulipewa likizo fupi, nikarudi Modogashe. Alikuwa amenenepa. Aliniona akaenda kusimama nyuma ya Ayeeyo. Sikumlazimisha, nilikaa tu. Jua lilikuwa kali, nikainua ncha ya mtandio nijifute jasho usoni, na mtoto akapiga ukelele uliowatoa majirani nje. Alinirukia, akaung'ang'ania mtandio kwa mikono miwili akiuvuta usinifunike. Siku nne zote alitembea ameshika ncha yake, hata nilipokwenda chooni alisimama mlangoni ameikamata.

Siku ya kuondoka nilileta begi langu mbele yake, nikamkalisha mapajani. Ayeeyo alinikataza kwa macho. Nikamwambia Sumaya, "Mama anakwenda Banissa. Leo harudi. Kesho harudi. Utakaa na Ayeeyo." Sijui alielewa mangapi. Nilipofungua vidole vyake kimoja kimoja kwenye mtandio wangu alielewa. Alijitupa mchangani, akalia kama anayechinjwa. Ayeeyo alimwinua bila kunitazama. Nilikuwa bado namsikia nilipofika barabarani.

Jioni nilipiga simu kutoka njiani.

"Alilia mpaka akalala," alisema Ayeeyo. Hasira ilikuwa bado sautini mwake. "Ameamka, amekula."

"Anafunua nguo?"

Nilisikia akiweka sufuria chini.

"Hapana," alisema. "Leo hatafuti."